Karo Inakula Mtaji

Ninauza unga, sukari na mafuta ya kupikia upande wa Uganda wa mji wa Busia, mwendo mfupi kutoka soko la Sofia. Mwenye duka kama langu hahitaji kuambiwa shule zinafunguliwa lini. Likizo ikikolea, vijana wa sekondari huja jioni kununua unga kilo mbili, kilo nne, mafuta wakipimiwa kwenye chupa walizokuja nazo, na wengine siku hizi wananiomba bei ya jumla kama wakubwa. Halafu inafika ile wiki ya mwisho kabla ya muhula, na wote wanapotea. Ukikutana nao njiani ukawauliza mbona kimya, jibu ni lile lile: "Mama, pesa imeenda shule."

Wakisema pesa hawana maana ya faida. Ni pesa yote, pamoja na ile ya kununulia unga wa kesho. Biashara za wanafunzi hapa kwetu hufa mara tatu kwa mwaka: Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba. Kwenye warsha na redioni nimesikia zikitajwa sababu nyingine nyingi, eti vijana hawana nidhamu, hawana maono, wanapenda starehe. Mimi ninayewauzia unga nasema nidhamu wanayo. Kinachowamaliza ni karo.

Uganda haijawahi kukosa hotuba kuhusu vijana na biashara. Utafiti wa Global Entrepreneurship Monitor wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wazima nchini wanaanzisha biashara au wanaendesha changa, kiwango cha juu sana duniani, na kila mgeni rasmi anayesimama mbele ya wanafunzi huwahimiza wawe waundaji wa kazi, wasiwe watafutaji wa kazi. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila hapa mpakani yanawakuta watu walioanza kazi zamani. Mtoto wa Busia anajua kugeuza shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda, kwa 28 au karibu na hapo kutegemea asubuhi imeamkaje, kabla mwalimu hajamfundisha kuzidisha. Boda boda ilianzia mipaka hii ya kwetu miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo katikati ya vituo viwili vya forodha. Hao hawakusubiri mgeni rasmi.

Nimchukue kijana mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Anatengeneza daddies, vile vipande vidogo vya unga na sukari vinavyokaangwa hadi vikakamaa, vikatiwa kwenye vifuko na kuuzwa shuleni na kwenye vibanda. Mtoto yeyote aliyesoma Uganda anavijua. Jioni moja aliniambia kila akipika unga wa kilo mbili anapata faida ya shilingi 7,500. Nikamwambia alete hesabu. Akatoa daftari la fizikia, akaligeuza, na kumbe kurasa za nyuma zote ni biashara.

Aliandika hivi: unga kilo mbili 9,000, sukari nusu kilo 2,000, siagi 1,500, mafuta nusu lita 4,000, vifuko 1,000. Jumla 17,500. Anapata vifuko 50, anauza 500 kila kimoja, yaani 25,000. Kweli, ukitoa unabaki na 7,500. Mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Makaa je?" nikamuuliza.

"Makaa ni ya mama."

"Mama anayaokota?"

Akacheka. Makaa yale, kwa jinsi anavyokaanga, hayapungui 2,000. Tumebaki na 5,500. Nikamuuliza vifuko vyote 50 vinauzwa. Akafikiri. Kimoja cha mwalimu wa zamu, kimoja cha rafiki anayemwekea mzigo kwenye dawati, viwili vya mdogo wake anayemsaidia kukata, na daima kuna viwili vinavyovunjika au watu wanavyochukua wakisema watalipa kesho. Sita. Shilingi 3,000. Tumebaki na 2,500, na hapo hatujamlipa mdogo mtu anayekata unga hadi saa nne usiku, wala yeye mwenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari, tunasema, na huyu daftari alikuwa nalo. Kilichokosekana humo ni vitu ambavyo nyumbani havina bei: makaa ya mama, mikono ya mdogo, jiko la bibi. Wafanyabiashara wakubwa pia wana vitu vyao visivyoandikwa, lakini wao nyumba inawabeba. Hapa nyumba yenyewe inabebwa na daddies.

Sasa tazama karo. Shule yake inataka 180,000 kwa muhula, ukijumlisha chakula cha mchana na michango. Kwa faida ya kweli ya 2,500, anahitaji kupika mara 72. Muhula una wiki kama 12 za masomo, basi ni kupika siku sita kwa wiki bila kuugua, bila mtihani, bila mvua. Yeye hapiki mara 72. Anapika mara mbili kwa wiki, mara tatu akijitahidi. Ndiyo maana siku ya kufungua shule anachukua akiba, anachukua na mtaji, na mama anaongeza kilichobaki. Kisha mwezi mzima hapiki. Anaanza tena na robo kilo, au anaomba nimkopeshe.

Watu wa mbali wataniuliza: si serikali ilifuta karo? Ilifuta. Elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997, ya sekondari ikafuata 2007, na zimeingiza darasani watoto ambao wangekuwa shambani leo. Lakini shule zilizo kwenye mpango ule bado zina chakula, sare, mitihani, na kile kinachoitwa mchango wa maendeleo, na si kila mtoto anapata nafasi karibu na kwao. Shule binafsi za bei nafuu ndizo zilizojaa katika miji kama wetu. Mzazi analipa kwa jina moja au jingine, na anatakiwa kulipa nusu au yote mwanzoni.

Kwa nini mwanzoni? Hapa nalijua jibu kwa sababu nipo ndani yake. Shule hununua mahindi, maharage na sukari kabla wanafunzi hawajaingia, na mmoja wa wanaoziuzia sukari ni mimi. Yaani zile pesa za daddies zinatoka kwa kijana, zinaingia kwa mhasibu, na baada ya siku chache zinarudi kwenye droo yangu zikiwa malipo ya gunia. Tena shule naikopesha mwezi mzima, kwa sababu ina ukuta na geti na haiwezi kuhama. Kijana namkopesha siku mbili. Sitajifanya kuwa hilo linaninyima usingizi, duka ni duka, lakini nalitaja ili ieleweke kwamba pesa ya hawa watoto haipotei hewani. Inapanda ngazi.

Yupo Mganda mmoja ambaye hadithi yake husimuliwa sana kwa wanafunzi, na inastahili: Andrew Mupuya. Mwaka 2008, akiwa na miaka 16 na bado yuko sekondari, alianza kutengeneza mifuko ya karatasi. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 2007 kwamba itapiga marufuku kaveera nyepesi, yaani mifuko ya plastiki, naye akazunguka madukani kuuliza wenye maduka kama watanunua karatasi. Mtaji ulikuwa kama dola 14. Dola 11 alizipata kwa kuokota chupa kuukuu za plastiki, kilo 70, akaziuza. Dola 3 alikopa kwa mwalimu wake. Kampuni yake, YELI, ilikuja kuajiri watu na kuuzia mifuko biashara nyingi za Kampala, na mwaka 2012 alishinda tuzo ya Anzisha, inayotolewa kwa vijana wa Afrika, akapata dola 30,000.

Wanaposimulia, wanakazia chupa. Kilo 70 kweli ni kazi, nani atabisha. Mimi nakazia jambo jingine ambalo yeye mwenyewe amelisema akihojiwa: wazazi wake wote wawili walikuwa wamepoteza kazi, na walichoweza kukimudu ni karo yake tu. Karo tu! Mwenye kusimulia anaipita sentensi hiyo mbio ili afike kwenye ushindi. Kumbe ndiyo iliyolinda dola 14. Nyumba ile ilikuwa imebanwa kila upande lakini shule ililipwa kwa mlango mwingine, basi mifuko ya kwanza ilipouzwa, pesa ilirudi kununua karatasi. Mwalimu naye aliyemkopesha dola 3 hakuja siku ya ufunguzi kudai karo.

Mwingine anayetajwa ni Ashish Thakkar, ambaye mwaka 1996, akiwa na miaka 15, alianza kuuza kompyuta Kampala, akisafiri hadi Dubai kuleta bidhaa, na akaacha shule ili aishughulikie biashara. Vijana wangu wanampenda huyo kwa sababu aliacha shule. Huwa nawakumbusha kwamba alianza na mkopo wa dola 5,000 kutoka nyumbani. Familia ile ilikuwa imekimbia Rwanda mwaka 1994 ikaacha mali, sikatai, lakini ilikuwa familia ya biashara na iliweza kupata hiyo pesa. Mtoto wa mama anayeuza nyanya Sofia akiacha shule leo, kesho atakuwa anamsaidia mama kuuza nyanya.

Nirudi kwenye kaveera, kwa sababu hapa Busia ina sura nyingine kabisa. Kenya iliipiga marufuku kweli kweli mwezi Agosti 2017, na adhabu yake inafika shilingi milioni 4 za Kenya au miaka 4 jela. Uganda ilitangaza, ikatangaza tena, na kaveera ikaendelea kuuzwa. Ukiweka sheria mbili namna hiyo pande mbili za barabara moja, umetengeneza ajira. Bunda la mifuko ya plastiki linalouzwa hapa kwa bei ya kawaida lina thamani nyingine ukilivusha kwa njia za panya za mtaa wa Arubaine, na anayelivusha kwa wepesi ni kijana mwenye sare na begi la shule. Analipwa papo hapo. Hakandi unga, hakaangi, hamwachii mwalimu wa zamu kifuko. Kwa safari moja hupata zaidi ya anachopata mwenzake wa daddies kwa wiki.

Mimi hilo silipendi na huwa nasema waziwazi, ingawa najua kuna wenzangu wa maduka wanaowatuma. Mtoto akikamatwa na sehemu hiyo ya mzigo, mwenye mzigo haonekani. Na ni uchungu zaidi kwa sababu njia halali ipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, zikiwa hazizidi dola 2,000, zinavuka kwa cheti rahisi cha asili bila kulipa ushuru wa forodha wala kuajiri wakala. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, majengo mazuri, madirisha yamepangwa. Wanafunzi wengi wanapita mbele yake kila siku na hawajui hata dirisha lipi ni lipi. Somo la ujasiriamali likitaka safari ya masomo, lisiende Kampala. Livuke barabara.

Mwenzangu mmoja wa duka aliwahi kuuliza kwa nini yule kijana wa daddies asitumie mifuko ya karatasi, amfuate Mupuya. Tulijaribu kwa vifuko vya kaki. Kufika saa nne asubuhi karatasi imenyonya mafuta, imekuwa nyeusi, na mnunuzi haoni kilichomo ndani. Daddies zinauzwa kwa macho. Akarudi kwenye plastiki yake, naye bado anaitafuta karatasi isiyopitisha mafuta kwa bei ya shilingi 20. Anayeijua anipigie.

Kuna kipindi kimoja ambacho karo ilipumzika, na sote tuliona kilichotokea. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kwa mafungu na kufungwa tena, na kufunguliwa kikamilifu ni tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu hivyo. Madhara yake yameandikwa na watu wenye elimu kuliko mimi, na mengine nilikuwa nayaona yakipita mbele ya duka: wasichana waliopata mimba, wavulana walioingia machimbo ya dhahabu ya Tiira na hawakutoka. Sisemi hata kidogo kwamba ilikuwa heri.

Lakini kama mwenye duka niliona pia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Mitaji ya watoto ilikua. Madereva wa malori walikwama mpakani siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo, wakiwa na njaa na pesa, na vijana wakawapelekea chai kwenye chupa, chapati, mayai ya kuchemsha, na pilipili kwenye kifuniko cha chupa. Aliyeanza na trei moja ya mayai alifika trei sita. Msichana mmoja alinunua kwangu mfuko mzima wa unga wa kilo 25, akalipa noti kwa noti, akaubeba kwa baiskeli ya kukodi. Hakuna mhasibu aliyekuwa akiwasubiri mwisho wa mwezi. Januari 2022 ilipofika, kila nyumba ikaamua. Wengi waliotumia mtaji kurudi shule walirudi mikono mitupu, na baadhi ya waliokuwa wamefika mbali kabisa kibiashara ndio hawakurudi. Wakati ule tulisikia kwamba wamekosa hamu ya kusoma. Mtu akikuambia uchague kati ya trei sita za mayai na sare mpya, hamu ya kusoma inakuwa na bei, na kwa mara ya kwanza wao walikuwa wanaiona.

Sasa habari ya simu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto wa miaka 15 hana. Kwa hiyo pesa yake ya simu, hata akiifanyia kazi mwenyewe, inaingia kwenye laini ya mama, ya kaka, au ya shangazi. MTN walileta pesa ya simu Uganda mwaka 2009 na imerahisisha mengi, lakini kwa mfanyabiashara wa miaka 15 imeongeza mtu mmoja katikati.

Binti wa jirani yangu anasuka nywele wakati wa likizo. Ana mkono mwepesi, nyuzi nyembamba kabisa, na wateja wake wengine hutoka upande wa Kenya. Walikuwa wanamlipa kwa simu ya mama yake. Likizo moja alihesabu amefikisha 140,000. Kukatokea msiba wa mjomba, familia ikachanga, na mama akatoa. Wala hakuiba. Mama mwenye 140,000 kwenye simu wakati wa msiba halafu akasema ni za mtoto, nani angemwelewa? Hata binti hakulalamika, angeanzia wapi.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonishangaza. Aliacha kabisa kupokea kwa simu. Sasa anapokea taslimu, na kila akipata anapita dukani kununua paketi za nywele za kusukia, za rangi zinazotoka haraka, nyeusi namba moja na kahawia. Anazirundika chini ya kitanda. Mteja akija, anasukwa kwa nywele za pale pale na analipia vyote viwili. Msiba ukitokea, mama anaona paketi za nywele, na msiba hauchangiwi paketi za nywele. Karo ikifika anauza chache, si zote.

Wengine wameanza kunifanyia mimi kitu cha namna hiyo. Wanaleta pesa mwishoni mwa muhula na kusema, "Mama, niwekee jerikeni." Nina rafu moja nyuma ya duka yenye majerikeni ya mafuta ya lita tano yaliyoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Unga sikubali kuweka, unaingia wadudu. Mafuta yanakaa. Bei ikipanda, na mafuta hupanda, mtoto amefaidi kuliko angeweka benki. Mzazi akija kuuliza, namwambia ukweli kwamba mtoto amenunua mafuta. Mzazi mmoja tu ndiye aliyewahi kuyachukua.

Shule zenyewe zinafanya nini? Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walikaa mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, unataka mwanafunzi afanye miradi, na kazi za mwaka zinahesabiwa kwenye alama za mwisho. Wazo zuri. Huku chini limegeuka sabuni ya maji. Kila shule inatengeneza sabuni ya maji: chumvi, rangi ya kijani, manukato, ile jeli ya kuleta povu, na kukoroga kwenye beseni huku mwalimu akipiga picha. Kisha chupa zinapelekwa nyumbani na mzazi anainunua sabuni ambayo malighafi yake aliilipia mwanzoni. Nimeona wiki moja shule tatu za mji mmoja zikiuza sabuni ya rangi moja. Hapo hakuna aliyejifunza habari ya soko, isipokuwa muuza jeli.

Na shule hizo hizo, mwanafunzi akikutwa na vifuko 20 vya daddies begini, anaadhibiwa. Sababu zinazotajwa ni wizi, usafi wa chakula, na kuvuruga masomo, na mbili za kwanza nazikubali. Chakula kibaya kikiliwa na bweni zima ni balaa. Sababu ambayo haitajwi ni kantini. Kantini ina mwenyewe, analipa kodi kwa shule, na hataki kushindana na mtoto anayeuza kwa 500 kitu anachouza yeye kwa 800. Kwa hiyo ujasiriamali unafundishwa kipindi cha tatu na kukamatwa kipindi cha mapumziko.

Mikopo ya serikali nitaipita haraka, kwa kuwa haijawafikia hawa. Mpango wa maendeleo wa parishi (parishi kwetu ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), uliozinduliwa Februari 2022, unalenga kupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na mkopo wake wa milioni moja unahesabiwa kwa kaya. Mtoto wa shule si kaya. Benki nazo hazina la kuzungumza na mtu asiyeweza kutia sahihi mkataba. Waliobaki ni mwalimu mwenye moyo, shangazi, na mwenye duka.

Kuna shule moja ya kutwa hapa karibu, ndogo, mabati mapya, ambayo mwalimu mkuu wake ni mama aliyewahi kuuza samaki wakavu kabla ya kusomea ualimu. Muhula uliopita aliwaita wazazi akawaambia: anayeweza kulipa mara moja alipe, asiyeweza alete kila Jumatatu. Akagawa 180,000 kwa wiki 12, ikawa 15,000 kwa wiki. Aliyekosa wiki moja harudishwi nyumbani. Anarudishwa akikosa tatu mfululizo. Wazazi walishangilia, mimi nikashituka, maana nilijua mwezi wa kwanza atakuja kwangu kuomba sukari kwa mkopo mrefu zaidi. Alikuja. Nilimpa, kwa sababu yeye nimemjua tangu enzi za samaki, na mwisho wa mwezi alilipa robo, mwisho wa uliofuata akamaliza.

Yule kijana wa daddies amehamia shule hiyo. Hesabu yake haijawa tamu. 15,000 kwa wiki bado ni kubwa kuliko anachopata akipika mara tatu, na mama anaongeza. Ila muhula ulipoanza hakupotea. Alikuja Jumanne kama kawaida, kilo mbili na mafuta nusu lita, na kwenye daftari lake sasa kuna mstari wa makaa. Mwalimu wa zamu ameondolewa kwenye orodha ya wanaopewa. Mdogo wake analipwa 500 kila wakipika, na tayari ameanza kudai 700.

Anayelalamika ni mhasibu wa shule. Zamani aliandika risiti kwa wiki mbili za kwanza kisha akapumzika. Sasa kila Jumatatu ana foleni hadi uani, noti za elfu moja moja zilizokunjwa na sarafu zenye mafuta, na kitabu cha risiti kinaisha kabla ya mwezi kwisha. Juzi alipita dukani kuniuliza kama nauza vitabu vya risiti kwa bei ya jumla. Siuzi. Lakini nimeanza kuulizia bei upande wa pili.